Fanicha za kiwandani na hewa ya Lamu

Fanicha zinazoshushwa gatini Lamu vipande vipande, zimebanwa ndani ya makatoni, zina babu yao: kiti nambari 14 cha fundi Michael Thonet wa Vienna, Austria, kilichotolewa mwaka 1859. Vipande 6 vya mbao, skrubu 10, nati 2, basi. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia sanduku la mita moja ya ujazo. Mbao zilipikwa kwa mvuke, zikapindwa huku ukanda wa chuma umefungwa upande wa nje, kwa sababu mbao iliyopikwa hukubali kubanwa lakini hukataa kuvutwa. Bila ukanda, upande wa nje huchanika.

Kwa Lamu wazo hilo lafaa sana. Mzigo unatoka botini, unapakiwa punda, unapita vichochoro na ngazi nyembamba. Kabati zima lingekwama mlangoni.

Kinachotuponza ni chipubodi inayotengenezewa fanicha hizi. Ni chembe za mbao na gundi, zimeshindiliwa kwa joto. Nyumba ikipigwa deki, maji hunywewa na ukingo wa chini, ubao unafura, na ukishafura haurudi. Skrubu iliyoingia ukingoni inang'oa chembe, tundu linapanuka. Hewa ya chumvi nayo inakula chuma. Mbao ngumu ya mbambakofi iliyoungwa kwa ulimi na tundu (ncha ya ubao mmoja huchongwa ikaingia tundu la mwingine) haina shida hiyo: ulimi ni theluthi ya unene, yaani milimita 10 kwa ubao wa 30, na kigingi cha mbao kinachoufunga hakishiki kutu. (Bei yake ni habari nyingine.)

Kama umeshanunua kabati lililokuja katonini, kabla ya kuliunga paka vanishi kingo zote zilizo wazi, mara 2, hasa za chini. Liinue kwa miguu ya sentimita 5. Tundu likishalegea, usitie skrubu nene zaidi, itapasua ubao. Toboa kwa keekee ya milimita 10, tia kijiti cha mbao ngumu na gundi, ngoja siku nzima, kisha toboa upya milimita 3 kwa skrubu ya 4 isiyoshika kutu.

Ule ubao mwembamba wa mgongoni wengi huuacha, wakidhani ni wa kuzuia vumbi. Ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Kabla ya kuupigilia, pima kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana, sukuma kabati mpaka vilingane, la sivyo milango haitafungika.