Kupe kashuka kwa mbuzi, kapanda kwangu

Jamani nimepotea hapa karibu wiki tatu na sababu ni kupe. Kupe! Mdudu ambae miaka yote nimekua nambandua kwenye mbuzi kwa kucha afu nampasua katikati ya vidole gumba viwili, ile sauti yake mpaka naisikia raha.

Ilianzia kwa mbuzi. Kuna jike langu moja lilipanda homa, likagoma kula, siku ya pili likaanza kutembea linanyanyua miguu juu kama linavuka matope ambayo hayapo, linatafunatafuna na mdomoni hamna kitu. Nikamwita bwana mifugo, alivoliona tu akasema hii maji moyo na umechelewa kuniita. Kweli, kesho yake asubuhi lilikua limelala ubavu linapigapiga miguu, na ikaishia hapo. Tulipolipasua kifuko cha moyo kimejaa maji ya njanonjano, ndo jina linapotoka, ila bwana mifugo akasema maji peke yake sio ushahidi, akachukua kipande kidogo cha ubongo akakisaga kwenye kioo cha maabara, maana bakteria wenyewe, Ehrlichia ruminantium, wanajificha kwenye kuta za vijishipa vya damu na kwenye ubongo ndo unawaona vizuri kwa hadubini.

Mi kwa hasira nikaingia bandani nikashika mbuzi mmoja mmoja natoa kupe. Nusu siku. Nimevaa kaptula na ndala. Naomba mkumbuke hiyo kaptula.

Kama siku ya sita hivi homa ikanipiga, kichwa kinagonga, shingo imekaza, na kinenani mtoki umevimba kiasi kwamba natembea kama bata. Nikasema malaria hii. Nikapima, hamna. Nikarudi kupima tena, hamna, nikaambiwa ni uchovu tu kunywa maji upumzike, na mi nikaamini kwasababu nani hajachoka? Mara ya tatu nikakutana na dada mmoja muuguzi, hata hakukimbilia kunitoboa kidole, akaniuliza tu, kaka unafuga? Nikamwambia mbuzi. Akasema geuka nione miguu. Nyuma ya goti palikua na kidonda kidogo, katikati kina gaga jeusi kama mtu kanizimia sigara, pembeni pekundu, na kingine karibu na kiuno. Havikua vinauma hata kidogo ndo maana sikuvijua, na nani anajiangaliaga nyuma ya goti?

Sasa hapa ndo nataka muelewe vizuri maana nyumbani wote walishaanza kusema nimeambukizwa na mbuzi. Hapana. Mbuzi hajaniambukiza. Yake ilikua maji moyo, ugonjwa wa wanyama wanaocheua, mi nilipata Rickettsia africae, bakteria mwingine kabisa. Ila gari ni lile lile, wale kupe wakubwa wenye mabaka ya rangi mgongoni, Amblyomma. Na hawa sio kama kupe wengine wanaokaa kwenye ncha ya jani wanasubiri upite, hawa wakinusa pumzi yako wanakufuata kwa miguu, ndo maana mtu mmoja anakutwa na vidonda viwili vitatu. Afu kilichoniogopesha zaidi, huyu Rickettsia anapita kutoka kwa kupe mama mpaka kwenye mayai, yaani wale kupe wachanga wadogo kama vumbi, wenye miguu sita tu, wanaweza kuanguliwa wanae tayari hata kabla hawajamuuma mtu yeyote.

La mbuzi lilijulikana zamani, mwaka 1900 kule Afrika Kusini mtaalamu wa wadudu aitwae Lounsbury alishaonyesha kwamba kupe huyu ndo anaeleta maji moyo. La binadamu likachelewa, miaka mingi homa hii ilihesabiwa kua ni moja na ile ya kupe wa mbwa ya nchi za Mediterania, mpaka miaka ya 1990 utafiti uliofanyika Zimbabwe ukaonyesha huyu ni mwingine, na jina africae akapewa 1996. Tusiwachanganye na papasi pia, yule anakaa kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, anakuuma usiku dakika chache anarudi kujificha, na homa yake inapoa afu inarudi tena.

Matibabu hayana hadithi ndefu. Kipimo cha damu cha kingamwili mwanzoni kinaweza kutoka hamna kitu hata kama unaumwa, zinachelewa wiki kadhaa kupanda, kwahiyo dokta alitazama gaga na mtoki akaandika doksisaiklini wiki moja, siku ya pili tu homa ikashuka. Bwana mifugo alicheka sana, mbuzi wenzangu wanachomwa oksitetrasaiklini, ni ukoo mmoja wa dawa. (Naomba msijichome ya mbuzi. Najua kuna mtu ameshaanza kuwaza.) Na homa hii ya kwetu kuua mtu ni nadra sana tofauti na kwa mbuzi, ukichelewa unampoteza, kwahiyo kati yetu wawili mi ndo niliebahatika.

Wiki ya tatu sikua naumwa, nilikua mvivu tu wa kuandika, nisiwadanganye.

Siku hizi naingia bandani na suruali ndefu nimeichomeka ndani ya soksi, watoto wananicheka. Kupe namshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi navuta taratibu moja kwa moja, simpaki mafuta ya taa wala simchomi na kiberiti, anaingia kwenye kichupa cha spiriti. Jana nimemkuta mmoja anapanda kwenye soksi, mnene, ana mabaka mazuri kweli, nikamtumbukiza kwenye kichupa huku vidole gumba vyote viwili vinawasha kwa hamu.