Winchi ya nanga inayokula ampea: pima kabla hujanunua mota

Breka ya umeme ya winchi (swichi inayokata umeme ampea zikizidi) ikidondoka kila unapong'oa nanga ghuba ya Msasani, usikimbilie Kariakoo kutafuta mota. Wala usifunge breka kubwa zaidi. Iliyopo ndiyo inayozuia waya usiungue.

Chukua mita ya klampu inayosoma DC. Nyingi za bei poa husoma AC tu, na kwa umeme wa betri hazitakwambia kitu. Bana waya chanya, na mwenzako apime volti kwenye nati za mota, mnyororo ukipanda. Ampea hufuata uzito unaozungushwa. Volti hufuata hali ya waya na viungo. Mota ya wati 1,000 kwa volti 12 hula ampea 85 hivi ikiwa kazini.

Winchi ikienda goigoi, ampea za kawaida, lakini volti zimeshuka hadi 9.5, mota haina kosa. Winchi ikiendelea kuvuta, weka ncha za mita pande mbili za kila kiungo: kizima hakizidi volti 0.1, chenye kutu ya kijani utakikuta 0.6 na kina moto mkononi. Anza na solenoidi, swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota, kule omo, mbele ya boti, inakopigwa na chumvi kusi nzima. Waya nao una lake: mita 8 kwenda na 8 kurudi, wa milimita 25 za mraba hupoteza volti 1 kwa ampea 90, wa 50, nusu yake.

Ampea zikifika 140, kuna kinachokaba. Mnyororo wa milimita 8 una kilo 1.4 kwa mita; kwenye kina cha mita 10 na nanga ya kilo 16, ni kilo 30 tu. Huo si mzigo. Toa mnyororo, zungusha winchi tupu. Ampea zikianguka, kosa ni la nahodha: winchi imefanywa ya kuvuta boti. Isogeze kwa injini mpaka mnyororo uning'inie wima, ndipo upandishe.

Zikibaki juu, fungua giaboksi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamepita sili ya shafti, na beringi huenda zimeshakufa. Oili ikiwa safi, tenga mota, ibane kwenye jiriwa, iwashe sekunde chache tu. Ikila ampea nyingi bado, puliza vumbi la kaboni, kagua brashi, safisha komyuteta (duara la vipande vya shaba linaloguswa na brashi) kwa msasa laini wa karatasi. Ukiona kipande kimoja cha shaba kimeungua cheusi na vingine vinang'aa, koili imekufa: mpelekee fundi wa kusuka mota.