Betri za kifungo, hasa ile ya milimita 20

Dawa zimefungiwa kabatini mtoto asizifikie, lakini rimoti iko kochini. Ndani yake huenda kuna betri bapa ya mviringo. Yenye upana wa milimita 20 ndiyo mbaya zaidi: ikimezwa hukwama kwenye umio (njia ya chakula kwenda tumboni), umeme wake huzalisha alkali kali, na nyama huweza kuungua vibaya ndani ya saa 2. Hata iliyochoka huunguza.

Kagua rimoti, mizani, midoli. Kifuniko kisicho na skrubu kizungushie tepu imara. Betri iliyotolewa ifunike tepu pande zote.

Mtoto akimeza betri, usimtapishe. Mkimbize hospitali akapigwe eksirei. Njiani, aliyetimiza mwaka 1 na anayeweza kumeza apewe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Huna asali? Usipoteze muda kuitafuta.