Shelisheli kwa pesa ya cherehani: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari 11

Nyuma ya nyumba yetu Kisauni, hapa Mombasa, kuna mshelisheli aliopanda babu. Ukizaa tunakata, tunapika na nazi au tunakaanga vipande, na miaka yote hiyo sijawahi kujiuliza jina lile limetoka wapi. Juzi tumekaa barazani na shoga yangu, sahani katikati, akanipa simu yake nitazame: ufuo mweupe kama unga wa sembe, majabali ya kijivu yamelala majini kama viboko. "Hapo ni Shelisheli," akasema. Nikadhani ananitania, maana ndiyo tuliyokuwa tukiila. Kumbe ni nchi, na tunda letu limeitwa kwa jina lake.

Mradi umeanza hapo. Mimi fundi wa nguo, yeye anauza viazi vya karai, na hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Tumekubaliana: usiku saba, mwezi wa Novemba, na kila mmoja asizidi shilingi 170,000, kuanzia mlango wa nyumbani hadi kurudi. Nimefungua daftari jipya, lile la vipimo vya wateja halitatosha.

Mama kaniuliza: "Bahari unayo hapa. Unakwenda kulipa ukaone maji?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Januari 19

Nimetazama ramani. Mahé, kisiwa chao kikubwa, kiko karibu mstari mmoja na Mombasa, digrii nne na ushee kusini ya ikweta. Ukitoka ufuo wa Nyali ukashika mashariki, ukapinda kusini kidogo tu, utakifikia baada ya kilomita kama 1,750. Ila sisi hatuna jahazi, kwa hiyo tutapanda kwanza Nairobi, ambako ndiko mbali nacho zaidi, halafu tuvuke angani saa tatu hivi. Kwenda Nairobi ni treni ya SGR, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Stesheni ya Syokimau haiko mbali na uwanja wa ndege, basi hapo hatuna hasara kubwa.

Februari 2

Leo nusura nifunge daftari. Nimetafuta bei za hoteli, na ya kwanza iliyotokea, usiku mmoja tu, walitaka pesa ninayoipata kwa kushona sare za shule nzima. Ya pili ilikuwa zaidi. Ya tatu ni kisiwa kizima cha mtu.

Nikanywa chai, nikarudi nikiuliza swali jingine: Washelisheli wenyewe wanakwenda wapi wakitaka kuogelea? Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Kule fuo zote ni mali ya umma kwa sheria. Hoteli iwe ya kifalme namna gani, mchanga ulio mbele yake si wake. Kwetu huku sote tunajua vichochoro vya kuendea baharini vinavyozidi kubanwa na kuta, kwa hiyo habari hiyo niliisoma mara mbili.

Maana yake ni kwamba anasa inayouzwa kule ni kitanda. Bahari ni ileile kwa anayelala kwenye hariri na anayelala kwenye shuka la pamba. Nimeandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa: KITANDA NA VIVUKO, yaani malazi na boti za kati ya visiwa. Vingine vyote tunavimudu.

Februari 9

Malazi. Zipo nyumba ndogo nyingi za familia, vyumba vitatu vinne, baadhi zina jiko. Kwa Kiswahili cha huku ukisema "gesti" watu wanakutazama vibaya. Mama alinikodolea macho nikabidi nimweleze kwamba gesti za kule mwenye nyumba anakuamkia asubuhi na mkate.

Mambo mawili ya kujua. Huwezi kujibanza kwa mtu yeyote tu au kupiga hema ufukweni. Hema ni marufuku, na ukiomba kibali cha kuingia nchini unatakiwa uonyeshe umelipia malazi yenye leseni. Visa hawadai, lakini kibali hicho cha mtandaoni kina ada, na wanataka pia tiketi ya kurudi. Pili, tangu Agosti 2023 kuna tozo ya mazingira kwa kila mtu kila usiku: rupia 25 ukilala nyumba ndogo, 75 hoteli za kati, 100 hoteli kubwa. Sisi wa nyumba ndogo ni kama shilingi mia mbili na ushee. Mara ya kwanza naona serikali iliyokumbuka kumtoza tajiri zaidi ya fundi cherehani.

Machi, mwezi mzima

Sikuandika kitu. Ramadhani, nguo za Idi, nimelala saa nne kwa siku. Kibubu kimenona.

Aprili 13

Watu wa mtandaoni wanasema "msimu wa juu" na "msimu wa chini". Mimi mtoto wa pwani, nimeuliza pepo. Na pepo za kule ni zetu hizihizi: kusi inavuma kuanzia Mei hadi Septemba, kaskazi inaingia mwishoni mwa mwaka. Wakati wa kusi bahari inachafuka, fuo za upande wa kusini mashariki zinajaa mwani, na boti za kuvukia zinawatapisha watu. Tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu, ndipo maji yanatulia: Aprili hivi, na tena Oktoba na Novemba.

Shoga yangu alitaka Agosti, wakati watoto wamefunga shule. Nimemkatalia. Agosti ni kusi tupu, na Wazungu nao wanakuwa kwenye likizo yao, bei zinapanda. Wiki ya kwanza ya Novemba inabaki palepale. Mvua itatunyeshea kidogo, lakini hata hapa Novemba ni vuli, kwa hiyo hatutapoteza jua tulilokuwa nalo.

Mei 18

Ugomvi wa kwanza wa mradi, na ulikuwa juu ya visiwa.

Kila aliyeandika juu ya Shelisheli anataja vitatu: Mahé, Praslin, La Digue. Shoga yangu alikuwa amevipanga vyote ndani ya usiku saba, kama anayehesabu vituo vya matatu. Nikafungua daftari tukahesabu. Boti ya kasi ya Mahé kwenda Praslin ni saa moja hivi, na mgeni halipi bei ya mwenyeji. Nauli ya kwenda na kurudi ilikaribia kula usiku mitatu ya malazi. Juu ya hapo, kila unapohama kisiwa unapoteza nusu siku ukikokota begi.

Alilotaka yeye Praslin ni Vallée de Mai, bonde la minazi ile ya ajabu, coco de mer, lililoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1983. Nazi zake zinachukua miaka sita saba kukomaa, moja inaweza kupita kilo 20, na umbo lake, tusemeje, watoto wasiwepo. Ni haki kuitamani. Lakini minazi hiyohiyo imepandwa pia katika bustani ya mimea ya Victoria, mji mkuu wao ulioko Mahé, pamoja na kobe wakubwa wa Aldabra, visiwa vyao vya mbali. Na kobe wenyewe si wageni kwetu: Haller Park pale Bamburi ndiko alikokuwa Mzee, kobe wa Aldabra aliyefanya urafiki na Owen, yule kiboko yatima wa tsunami ya 2004. Nilimwambia siwezi kuvuka bahari kwenda kulipia kobe niliyemwona nikiwa darasa la tano.

Tumefika hapa: usiku minne Mahé, mitatu La Digue. Praslin tutaiona boti ikisimama kushusha watu. Amenuna siku mbili.

La Digue nimeitetea mimi. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama kumi, watu wanazunguka kwa baiskeli. Yale majabali ya kwenye simu ndiyo ya huko, Anse Source d'Argent, na pale unalipa kiingilio kwa sababu njia inapita ndani ya shamba la zamani la L'Union, lenye minazi na vanila. Tutalipa siku moja, tuingie asubuhi tutoke jioni na chakula chetu. Siku nyingine ni Grand Anse, Petite Anse, Anse Cocos, ambako hulipi kitu. Grand Anse mkondo wake ni mkali, hasa kusi ikivuma, kwa hiyo pale nitatia miguu tu.

Juni 22

Leo sikuandika hesabu, ila ukurasa huu ndio ulionifanya nijue kwa nini nakwenda.

Kila siku napita Kengeleni, penye ile kengele ya Frere Town. Kila mtu wa Kisauni anajua kisa chake: kijiji cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, miaka ya 1870, kwa watu walioachiwa huru kutoka majahazi ya watumwa. Sikujua kwamba sehemu ya watu haohao walishushwa Shelisheli. Tangu 1861 manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwakamata baharini na kuwapeleka Mahé, mamia kwa mamia, watu wa bara letu hili, wakaishia kufanya kazi kwenye mashamba ya kule. Na CMS hiyohiyo ikajenga shule ya watoto wao juu mlimani, Venn's Town, mwaka 1876. Magofu yake yapo hadi leo Sans Souci, kando ya barabara inayopanda kutoka Victoria, mahali panapoitwa Mission Lodge. Basi linapita.

Mtu mmoja alishushwa hapa kwetu, ndugu yake akashushwa kule. Imewezekana kabisa. Ngoma yao ya moutya, iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2021, ilianzia kwa watumwa wa Afrika waliopelekwa kule kabla ya hao, inapigwa usiku kwenye moto, na ngozi za ngoma zinapashwa kwanza ziwambike. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa hilo.

Waingereza waliifanya Shelisheli jela pia. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko mwaka 1899. Mwanga akafia hukohuko 1903. Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja naye alipitishwa huko baada ya kukamatwa 1916, kisha akaja kumalizia maisha hapa Mombasa, 1927. Pahali watu wanapolipa mamilioni kupumzika fungate ndipo wafalme wetu walipofungwa.

Nimeongeza kwenye ratiba: siku ya tatu, asubuhi, Sans Souci. Gharama: nauli ya basi.

Julai 20

Hasara. Tiketi niliyoiona mwezi wa tano kwa 52,000 sasa ni 58,000. Tulikuwa tunangoja zamu ya shoga yangu kwenye chama, na bei haikutungoja. Siku hiyohiyo nikapata nyumba La Digue, nzuri, nusu ya bei ya wengine, mwenyewe akitaka pesa zote mbele, zitumwe moja kwa moja, haraka. Nikamwomba leseni. Akanitumia picha ya machweo. Nimeachana naye.

Agosti 10

Tiketi zimekatwa! Nimeichapisha yangu, nimeikunja ndani ya Msahafu.

Hesabu ilivyo kwa mtu mmoja: ndege 58,000, SGR kwenda na kurudi 3,000, chumba cha pamoja 33,600, vivuko 24,000, kibali na tozo kama 3,000. Chakula nimekitengea 20,000, mabasi, baiskeli na viingilio 5,000. Jumla 146,600. Kinachobaki ni cha dharura, na shoga yangu haruhusiwi kujua kilipo.

Juu ya chakula nina amani. Mikahawa ya watalii hatuiingii. Wenyeji wananunua chakula cha kubeba kwenye vibanda, wali, dengu, samaki wa kuchoma, achari ya papai, na ukitaka pweza wa kari ya nazi yupo. Nimesoma namna wanavyompika: ni pweza wetu, wameongeza mdalasini. Wana pia ladob, ndizi au viazi vitamu kwa tui la nazi, vanila na kungumanga. Mama kasema hiyo ni futari. Samaki tutanunua sokoni Victoria Jumamosi asubuhi, tupike wenyewe. Nabeba pilipili manga na bizari zangu, pamoja na kisu.

Septemba 14

Sindano ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya anadaiwa cheti, na inabidi uchanjwe siku kumi kabla ya safari, ila ukichanjwa mara moja ni ya maisha. Mkono umevimba kidogo, nimeshona blauzi mbili kwa mkono mmoja na nusu.

Jioni mshelisheli ulikuwa umezaa, tukachemsha. Nikamhadithia mama kwamba kule wanaliita friyapen, na wana imani yao: mgeni akilila kule, lazima siku moja atarudi Shelisheli.

Mama akamega kipande, akachovya kwenye tui.

"Mimi nimelila miaka sabini," akasema. "Nauli yangu iko wapi?"