Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafuta Viota vya Bata Mwitu North Dakota

Saa 11 alfajiri. Mwisho wa Mei, jua la North Dakota huchomoza kabla ya saa 12, na kabla ya chai tunatazama hali ya hewa. Mvua ikinyesha au baridi ikizidi, kazi ya mnyororo, unaoburutwa majanini ili jike aruke na kufichua kiota, inaahirishwa. Jike akifukuzwa kiotani siku ya namna hiyo, mayai hupoa kabla hajarudi, na data iliyopatikana kwa kuua mayai haina maana.

Hewa ikiwa nzuri tunapakia pikipiki mbili za magurudumu manne, mnyororo wa takriban mita 30, vijiti vyembamba vya alama, kipima-mahali cha setilaiti, fomu za karatasi isiyolowa na penseli. Kalamu ya wino huachwa nyumbani, kwa sababu umande ukigusa wino, fomu haisomeki tena. Suruali huchomekwa ndani ya soksi, maana kupe wa majani haya hawana huruma.

Eneo lenyewe ni Missouri Coteau, vilima vilivyoachwa na barafu kuu ilipoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Katikati ya vilima kuna madimbwi mengi, na penye wingi kilomita moja ya mraba huwa na hadi 40. Bata huogelea na kula humo, lakini wengi wao hutaga nje, kwenye majani makavu, pengine mbali na maji. Ndiyo maana asubuhi yetu inapita kwenye nyasi.

Saa 1 asubuhi. Hatuanzi mapema kuliko hapo. Alfajiri jike anayeatamia mara nyingi hutoka kwenda kula, na ukipita wakati huo unapita juu ya kiota bila kujua. Dirisha la kazi ni saa 1 hadi saa 8 mchana, wengi wanapokuwa wamelalia mayai.

Pikipiki huenda sambamba, taratibu, mnyororo ukiburutwa nyuma yake kwa upinde. Upinde huo ni muhimu. Madereva wakiachana mno mnyororo hukaza, unaruka juu ya majani na bata anabaki amejibana chini. Kwenye vichaka vizito pia hupanda juu, kwa hiyo vichaka tunavipiga kwa fimbo, kwa miguu. Kero kubwa ni mawe yaliyoachwa na ile barafu. Mnyororo ukinasa, usivute kwa nguvu ya injini. Shuka, uunasue kwa mkono. Mayai yenyewe ni nadra kuvunjika, kwani mnyororo hupita juu yake kwa kuteleza.

Kila dereva hutazama upande wa mnyororo, wala si mbele tu. Bata akiruka, anayemwona anainua mkono, wote wanasimama, naye habandui macho pale alipotokea. Ukigeuka kumtazama bata, umepoteza kiota. Lakini mabawa yake lazima uyaone japo kwa kona ya jicho: bega la buluu hafifu ni bata mbawa-buluu au mdomo-koleo, kioo, yaani kiraka king'aacho cha bawa, cha buluu chenye kingo nyeupe ni malardi, doa jeupe karibu na mwili ni gadwali. Mkia-mrefu, *Anas acuta*, hana shida kumtambua kwa shingo yake nyembamba. Huyu na mdomo-koleo wanafahamika hata Naivasha, ila wanaofika huko hutoka Ulaya na Asia.

Kiota ni bakuli dogo ardhini, limetandikwa majani makavu na manyoya laini ambayo jike huyanyofoa kifuani mwake. Tunahesabu mayai bila kuyapangua. Kisha tunachukua mawili na kuyapima kwa kipande cha bomba jeusi la mpira: yai upande mmoja, jicho upande wa pili, bomba limeelekezwa kwenye jua. Yai lisiloatamiwa huonekana wazi, na kiini ni kivuli tu. Baada ya siku chache mishipa myekundu huanza kutambaa kutoka kwenye nukta. Zikikaribia siku za kuanguliwa, yai huwa jeusi karibu lote, na chumba cha hewa kimepanuka, ukingo wake umelala upande. Kosa la kawaida ni kupima yai moja tu. Likiwa viza, umri wa kiota kizima unakosewa.

Hesabu inayofuata ni rahisi. Bata hutaga yai moja kwa siku. Mayai 9 ya malardi yaliyoatamiwa siku 5 yana maana kiota kina umri wa siku 14, na kwa kuwa malardi huatamia kama siku 26, zimebaki 21.

Kabla ya kuondoka tunafunika mayai kwa yale manyoya, kama jike angefanya mwenyewe, kwa joto na kwa kuficha macho ya kunguru. Kijiti husimikwa mita 4 kaskazini ya kiota, kamwe si juu yake. Tukitoka, hatugeuki kwa njia tuliyojia. Tunapitiliza, ili njia ya majani yaliyolala isiishie kiotani.

Saa 8 mchana. Viota vya zamani hutembelewa kila baada ya siku 7 hadi 10. Hapa ndipo ushahidi unasomwa. Ngozi za ndani za mayai zikiwa zimebanduka ganda, vifaranga wameangua. Bakuli tupu, safi, bila vipande: mara nyingi ni mbweha mwekundu, ambaye hubeba mayai na kuyafukia. Maganda yaliyotafunwa papo hapo huelekeza kwa kicheche, lakini mimi sipendi kuandika jina la mla mayai kwenye fomu; alama hufanana mno. Ninachokiamini zaidi ni kwamba penye koyote, mnyama mwitu wa jamii ya mbwa, mbweha hupungua, na viota hupona zaidi.

Msongamano wa majani hupimwa kwa ufito wenye alama uliosimikwa kiotani, nawe ukiutazama kutoka mita 4, jicho likiwa mita 1 juu ya ardhi, pande zote nne. Unaandika alama ya chini kabisa ambayo bado unaiona.

Saa 10 jioni. Madimbwi: kina cha maji, mimea ya kila ukanda, na daraja la dimbwi, kama ni la muda, la msimu au la karibu kudumu. Ya muda hudharauliwa na wakulima na huchimbiwa mifereji kwanza, ingawa ndiyo yanayopata joto mapema na kumpa jike wadudu na konokono wa kujengea mayai.

Saa 2 usiku. Jua bado halijazama, nasi tunaingiza data. Tuseme viota 20 vimefuatiliwa kwa jumla ya siku 200, na 10 vimeharibiwa. Mtu asiyejua atasema nusu vimefaulu. Lakini viota vilivyokufa mapema hatukuviona kamwe. Harold Mayfield, mtafiti wa ndege, alionyesha mwaka 1961 namna ya kurekebisha: hasara 10 kwa siku 200 ni uwezekano wa kupona wa 0.95 kwa siku. Malardi huhitaji takriban siku 35 tangu yai la kwanza, na 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 35 inatoa kama asilimia 17. Kiwango kinachohitajika ili malardi wasipungue kinakadiriwa kuwa asilimia 15, kwa hiyo "nusu" ile ilikuwa ukingoni tu.

Jike aliyepoteza kiota anaweza kutaga tena, maji yakiwepo. Dimbwi likikauka mapema, majaribio ya jike hupungua, na kwa sababu hiyo kina cha maji cha saa 10 huingizwa kwenye faili moja na viota.