Lamu usile mbele ya bahari, ingia vichochoroni

Mimi mtu wa Mwanza, fundi wa majokofu, na kilichonipeleka kuishi Lamu ni kazi ya mkataba ya kutengeneza mafriza ya samaki. Njia sitaieleza sana. Ukitoka Malindi basi linapita Garsen na Witu, kuna mahali mnasimamishwa kusubiri polisi wawasindikize, mnafika Mokowe mna vumbi mpaka kwenye kope, halafu boti ndiyo inakuvusha kisiwani na nauli mgeni anatajiwa yake.

Kilichoniuma ni chakula. Mwanzoni nilikuwa nakula kwenye mgahawa mmoja unaoangalia bahari, jina silitaji, wali na kipande cha samaki basi, na bei yake ukiigeuza kwa hela za kwetu, maana shilingi moja ya Kenya inakula karibu 20 za Tanzania, ni hela ambayo Mwanza unalisha nyumba nzima kwa sato. Samaki mwenyewe mkavu, nazi huisikii, na menyu iliyobaki ni pizza na spageti. Yaani niko Lamu nakula spageti! Na vijana wa boti nawaona asubuhi wanapita wameshiba wanacheka, nikawa najiuliza hawa wanakula wapi.

Nilikuja kujua siku umeme ulipokatika usiku, nikatoka alfajiri kwenda kuangalia friza, watu ndo wanatoka msikitini. Napita vichochoro vya Langoni, vile ambavyo punda akija mbele unajibana ukutani apite, harufu ya iliki ikanisimamisha. Kuna daka, kile kibaraza cha kuingilia nyumba, mlango uko wazi nusu, watoto wamejipanga kila mmoja na chombo chake, huyu bakuli, huyu kisufuria. Ndani bibi mmoja amekaa karibu na karai, mahamri yanavimba kwenye mafuta, pembeni sufuria kubwa ya mbaazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Chombo ki wapi?"

Nikamwambia sina.

"Sasa mbaazi nikutilie mkononi?"

Watoto wakacheka sana. Bibi hakucheka, akamtuma mjukuu alete bakuli la udongo la ndani kwake, akanijazia, mahamri akayafunga kwenye gazeti, akaniambia nikimaliza nirudishe. Hanijui, hajawahi kuniona, jina langu hajaliuliza, na bakuli lake kanipa. Bei niliyolipa sikuiamini, nikauliza mara mbili kama ndo yote.

Nilikaa palepale kwenye baraza la daka nikala. Jamani. Mbaazi kule kwetu tunazijua, tunachemsha tunaunga kitunguu na nyanya, lakini hizi zilikuwa laini zimelegea ndani ya tui zito, na hamri ukilipasua lina uwazi katikati, unachota nalo mbaazi, utamu wa sukari na iliki unakutana na chumvi na pilipili. Sijawahi kula kifungua kinywa kinachonijali namna ile.

Nikawa wa kila siku, na nina bakuli langu sasa. Tulipozoeana alinieleza kazi yenyewe: mbaazi zinalowekwa usiku, unga wa mahamri unakandwa kwa tui na hamira jioni uumuke mpaka alfajiri, mbaazi zinaivia kwenye tui jepesi kwanza, lile zito linatiwa mwisho na hapo mkono hautoki kwenye mwiko, maana ukiliacha lichemke hovyo linakatika, na tui likikatika wateja wanajua. Nazi anazikuna mwenyewe kwenye mbuzi. Mama wa watu hapati usingizi sawasawa, na ikifika saa 1 na nusu sufuria tupu, ukichelewa imekula kwako.

Baada ya hapo nikaanza kuona milango mingine. Jioni viazi karai na bajia, kuna nyumba ya mkate wa sinia, kuna ya kaimati. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, wageni wanakuja kupiga picha ile milango ya kuchonga halafu wanarudi kula kule mbele kwa bei za ajabu, na chakula chenyewe kiko nyuma ya milango hiyohiyo. Hilo linanisikitisha kweli.

Siku moja bibi akaniuliza, "Huko kwenu asubuhi mwala nini?" Nikamweleza michembe, viazi vitamu vinakatwa vinaanikwa juani mpaka vikauke, baadaye vinachemshwa na kuliwa na karanga. Akataka kujua kama vinapikika kwa nazi. Sikuwa na jibu, kwetu nazi inakuja na lori kutoka pwani na bei yake inauma, hatuichezei.

Nimeongea na dada yangu Mwanza, anatuma mfuko wa michembe na mtu anayekuja Mombasa. Msimu wa upepo wa kusi ukianza bahari inachafuka, samaki wanapungua na bei inapanda, hata mafriza ninayotengeneza yanakaa nusu. Bibi kasema hapo ndo pa kujaribu, niilete kwake, nazi atatoa yeye.