Njia isiyopitwa inafunga

Juzi tumerudi giza limeshaingia, viganja vimechubuka na tairi la mbele la mwenzetu limejaa miba, na bado nina furaha kuliko siku niliyonunua hii baiskeli, maana ile njia ya kushuka bondeni nyuma ya kijiji chetu huku Lushoto imefunguka tena mpaka mtoni.

Wanaoijua Usambara watanielewa haraka. Huku milimani mapito hakuyachora mtu ofisini, yamechongwa na miguu ya watu wa gulio na mizigo kichwani, watoto wa shule, akina mama wa kuni, wafuata maji chemchemi. Sasa bodaboda zimeingia, bomba limesogea karibu na nyumba, shule nayo haiko mbali kama zamani, na hivyo vyote ni vitu vizuri sana sitaki mtu anielewe vibaya, ila miguu imepungua njiani. Na njia ikikosa miguu haikai. Masika ya kwanza lantana, kile kichaka cha miba, inanyoosha mikono kutoka pande zote mbili, masika ya pili inashikana katikati, ya tatu unamwonyesha mtu hapa ndo tulikuwa tunapita anakuangalia tu.

Sisi tulianza wanne, wawili wanatembeza wageni, mmoja fundi baiskeli, na mimi. Kiukweli hatukuanza kwa nia ya kutunza chochote, tulikuwa tunatafuta pa kushuka na baiskeli za gia, zile za milimani zenye tairi pana, tukawa tunapita njia za zamani kwa sababu barabara kuu ina malori na vumbi. Baada ya kama miezi miwili hivi tukaona kitu: zile tunazopita kila wiki ziko wazi, majani hayaoti katikati, na watu wameanza kurudi kuzitumia, tunakutana na mama kabeba majani ya ng'ombe tunashuka tunampisha, shikamoo, marahaba wanangu, anaendelea. Zile ambazo hatujagusa zinazidi kufunga. Baiskeli zetu zilikuwa zimechukua nafasi ya ile miguu iliyohamia kwenye bodaboda.

Lakini kupita peke yake hakutoshi, na hili naliandika kwa herufi kubwa kwa vijana wanaonunua baiskeli sasa hivi: KUPITA TU HAKUTOSHI. Tairi nalo linaumiza njia. Ukishuka umebana breki ya nyuma tairi likaburuza, unaacha mfereji mwembamba, mvua inayofuata maji yanaona mfereji yanaingia humo, na huku kwetu mlima ulivyosimama maji hayana mchezo. Mwaka mmoja ule mfereji unafika magotini. Hapo watu wanaanza kupita pembeni kwenye shamba la mtu, mwenye shamba anaweka matawi ya miba kuziba, na ana haki kabisa, afu njia inakufa kwa mara ya pili. Kwa hiyo tuna sheria yetu moja ndogo, ukikanyaga udongo mguu ukatoka na tope zito, unageuza baiskeli unarudi nyumbani, hata kama umeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya hiyo safari.

Kazi yenyewe ya kutunza ni maji, tisini kwa mia ni maji. Tulikuwa na sehemu moja kama hatua thelathini hivi, mtelemko mkali, kila mvua inachimbika. Tukaweka mawe, yakaenda. Tukalaza gogo kukatiza njia, maji yakazunguka gogo yakala ukingo wa bonde, tukawa tumeongeza tatizo. Mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana pale alikuwa anatuangalia siku zote hizo hasemi kitu. Siku ya tatu akaja na jembe lake akasema, "Mwanangu, maji usiyazuie, yaonyeshe pa kutokea kabla hayajapata nguvu." Akatupeleka juu, mbali kabisa na pale palipoharibika, mahali ambapo kwa macho yangu hapakuwa na shida yoyote. Akachimba mchirizi wa mshazari kuelekea bondeni, upana wa jembe mbili, ule udongo akaupandisha upande wa chini ukawa kama kituta cha mviringo ambacho baiskeli inapanda na kushuka bila kugonga. Kisha njia yenyewe akaiparua kidogo ilalie upande wa bonde, kidogo sana huoni mpaka umwage maji ya chupa. Tulimwaga. Yakatiririka pembeni moja kwa moja. Hatua kama kumi chini akatuambia tuchimbe mwingine, akakaa kwenye jiwe kutuangalia.

Huyo mzee amelima mlimani maisha yake yote, na huku elimu ya udongo watu wameilipia. Miaka ya 1940 na 1950 mkoloni aliwalazimisha watu wa Mlalo, hukuhuku Lushoto, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wakagoma, na ule mpango ukafa kabla hata ya uhuru. Udongo kweli ulikuwa unaondoka, ila kazi ya kushurutishwa kwenye shamba lako mwenyewe nani anaitaka. Ndo maana sisi hatumshurutishi mtu. Tunatangaza tu Jumamosi fulani kuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, anayekuja na panga aje, anayeleta chai tunashukuru.

Jambo jingine, msituni si shambani. Ukiingia hifadhi kama Magamba huendi na panga lako kukata unavyotaka, mti ukianguka njiani unatoa taarifa kwa wenye msitu na kuomba ruhusa kwanza. Najua inachosha, lakini Sheria ya Misitu ya 2002 imefungua mlango wa vijiji kushiriki kutunza misitu, na ule mlango unabaki wazi tukiingia kwa adabu.

Na hili haliko kwetu tu. Marekani, nchi yenye hela zote zile, mwaka 2013 wakaguzi wa serikali walisema njia za misitu ya taifa lao ni zaidi ya kilomita 250,000 na ni kama robo tu zilizokuwa zinafikia viwango vyao. Pale Downieville, California, njia za zamani za enzi za wachimba dhahabu zingeshapotea kama si waendesha baiskeli, tangu 2003 wana chama chao wanapanda na majembe na misumeno. Nilipoisoma hiyo nilimtumia fundi wetu usiku uleule, akajibu "kumbe tuko wengi".

Sasa turudi kwenye ile njia ya juzi. Kabla ya kushuka mtoni tulipita kwanza kukagua ile michirizi ya mzee, mvua za vuli zilikuwa zimepiga siku nne mfululizo na nilijua tutaikuta imeziba kwa majani, ndo kawaida. Tukaikuta safi. Majani yametolewa yamewekwa upande wa chini, na kwenye udongo kuna alama za jembe jembamba ambalo si letu. Tukadhani ni mzee, tukamuuliza, akasema yeye mgongo unamsumbua wiki nzima hajatoka, ni yule mama wa majani ya ng'ombe, anapita pale asubuhi na jioni.